Mshikaji wako kapata mtihani? Hivi ndo anavosimamiwa bila kuvunjiwa sitara yake

Assalam alaykum jamani. Hii naiandika khasa kwa wanaume wa Unguja na Pemba wenye ndugu au rafiki ambae siku hizi mambo yamemkalia vibaya, lakini akina mama na akina dada msome tu, hakuna siri humu.

Kwetu mtu akifiwa sote tunajua la kufanya, huyu anakwenda kuchimba kaburi, huyu anatafuta sanda, wale wanapika, jeneza linabebwa kwa zamu, jioni watu wanakaa msibani, hata kama jana mligombana leo unakwenda. Sasa mtu huyohuyo akiachishwa kazi, akiachana na mkewe, akazama kwenye madeni, mashine ya boti ikamfia na msimu ndo unaanza, hapo hatuna utaratibu hata mmoja, tunabaki barazani "yakhe, fulani siku hizi simfahamu" halafu mtu anapiga karata yake. Na mwenyewe kajifungia ndani, anaogopa kutoka mana akitoka ataulizwa.

Shika hili kabla hatujenda mbali. Mwanaume wa huku akiyumba kinachomtisha zaidi si njaa, ni kuonekana. Visiwa vyetu vidogo hivi, ukianguka Wete asubuhi habari yako iko Mkoani kabla ya adhuhuri. Kwa hivo kila msaada unaotaka kumpa jiulize kwanza, huu unamsitiri au unamuanika? Ukimuanika, hata ukimpa milioni atakukimbia. Ipo pahala pamoja tu ambapo sitara unaiweka pembeni kabisa, iko kwenye hatua ya tano, kama huna muda wa kusoma yote basi ile isome.

HATUA YA KWANZA: muone wewe, usingoje aseme

Ukingoja aje akwambie "ndugu yangu nimeshindwa" utangoja mpaka kiama. Hasemi, ila ukimtazama anaonekana. Alokuwa kila siku baada ya alasiri yuko kwenye kahawa sasa haji, na akija anakaa pembeni anaangalia simu ambayo hata bando haina. Alokuwa anaswali safu ya mbele sasa anaswali nyumbani, na si uvivu, anamkimbia mtu anaemdai ambae anaswali msikiti huohuo (hili wengi hawalioni, wanamwambia "sheikh dini umeiacha" kumbe mtu hana pesa tu). Anarudi nyumbani usiku mkubwa watoto washalala ili asiulizwe kitu. Kauza baiskeli, kauza simu kubwa kanunua kitochi, ukimuuliza anasema ati anapumzisha macho. Na kubwa kuliko yote ni hasira. Mwanaume alojaa huzuni mara nyingi halii, anafoka, anataka kupigana kwa ajili ya Simba na Yanga, anampigia kelele mtoto kwa kipande cha boflo kilichoanguka, na watu wanasema huyu kawa mkorofi siku hizi wanamuacha peke yake, wakati hapo ndo khasa alipokuwa anahitaji mtu.

Jua na majira yake pia. Masika, mwezi wa nne na wa tano, hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa, Paje huko zinafunga au zinapunguza watu, vijana wanarudishwa nyumbani bila mshahara, sasa kama una jamaa yako anafanya kazi hoteli kwani unangoja nini, hilo linajulikana kila mwaka, anza kumtafuta mapema. Kusi likipiga bahari ikachafuka mvuvi wa chombo kidogo anaweza kukaa siku nyingi hajatia kitu mfukoni. Na mwaka 2020 corona ilipokata ndege tuliona sote, watu walokuwa wanalisha nyumba tatu kwa tipu za wageni wakarudi kulala chumba cha mama zao. Skuli zikifunguliwa. Na Sikukuu! Wiki ya mwisho ya Ramadhani, watoto wote wa mtaa wanazungumza nguo mpya, mwanaume asie na kitu wiki ile anatamani ardhi ipasuke aingie. Kama unaweza kumfikiria mtu mara moja tu kwa mwaka basi iwe wiki ile.

HATUA YA PILI: mfate, peke yako, na muwe na la kufanya

Usimuulize barazani, hata kama nia yako njema. Pale pana watu wanane na kila mmoja ana watu wanane wake. Na meseji za "mambo vp, upo poa?" hazisaidii, atakujibu "poa tu" mambo yanaishia hapo, na wewe utajiambia nimeshamjulia hali.

Mfate mwenyewe. Ila usiende ukakaa sebuleni kwake kama mposaji, mkewe anasikiliza nyuma ya pazia, hapo hatokwambia kitu. Mtafutie safari au kazi. Mwambie twende Darajani unisaidie kuchagua vipuri, au nipeleke shamba nikaangalie migomba yangu, au njoo tukalafati chombo. Wanaume wengi ulimi unawafunguka mikono ikiwa na shughuli na macho yako kwengine. Mkitoka mjini kwenda Nungwi kwa gari mna zaidi ya saa nzima, mmoja anaendesha mmoja anaangalia njia, hakuna anaemtazama mwenzie usoni, na hata akitokwa na machozi anaweza kusema ni vumbi na wewe ukakubali kuwa ni vumbi.

Mwanzo zungumza mengine tu. Mpira, bei ya mafuta, nani kaoa. Halafu tia swali lako, moja, jepesi lakini la wazi. Mfano hivi:

"Yakhe, hizi wiki mbili hukai na sisi na mie sijalipenda. Kuna nini?"

Halafu nyamaza. Hapo ndo watu wanaposhindwa, mtu akikaa kimya kidogo tu sisi tunajaza maneno. Muache. Kama mko ndani ya gari zima redio.

Akisema "hakuna kitu" usimbane, mwambie "sawa, mie nipo, na sikuulizi ili niende nikahadithie watu." Wiki ya pili mtafute tena kwa kazi nyengine. Wengine wanafunguka mara ya tatu au ya nne. Wengine watakufokea kabisa, "kwani nimekwambia nina shida?" Usinune, na usiende kutangaza kwamba umemfata kakufukuza.

HATUA YA TATU: maneno, na haya mengine yameze

Kuna maneno tunayatoa kama sadaka kumbe ni mawe. "Jikaze bwana, wewe mwanaume" ni la kwanza, mana yeye keshajikaza mpaka kakauka na wewe unamwambia bado. "Wenzio wana shida kubwa zaidi" hilo nalo linamfanya aone haya hata kwa kuumia kwake. "Si nilikwambia yule mwanamke / ule mkopo / ile biashara" hata kama kweli ulimwambia, na labda ulimwambia kweli, lakini si leo.

Na hili la dini nataka nilikalie kidogo mana najua wapo watakaosema huyu anapinga subira, astaghfirullah, sipingi. Inna maal usri yusra, hakika pamoja na uzito upo wepesi, ni maneno ya Mola wetu na hakuna maneno mazuri kuliko hayo. Tatizo ni pale mtu anapoanza kueleza la moyoni, hajamaliza hata nusu, na wewe ushamkatisha "subira sheikh, Mungu yupo" ukaangalia saa. Hapo aya umeitumia kumfunga mdomo. Msikilize kwanza mpaka amalize, halafu ndo mkumbushe, na hapo itaingia.

Na hichi kitu cha mwanaume halii sijui tumekitoa wapi. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, iko ndani ya Qur'ani. Mtume wetu swalla llahu alayhi wasallam alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba, na alipostaajabiwa akasema ile ni rehema, jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Sasa wewe wa Mtambile ni mwanaume kuliko wao?

Yanayofaa ni mafupi. "Hilo zito, walahi." "Ningekuwa mie nami ningeyumba." "Unataka nikusikilize tu au unataka tutafute njia pamoja?" hili la mwisho lina faida kubwa kwasababu sisi wanaume tukisikia tatizo tunakimbilia kulitengeneza, mtu hajamaliza kusema ushampa namba ya simu ya mtu wa bandarini. Na usimpindulie stori, akisema kaachwa wewe ukaanza na wewe ulivoachwa mwaka fulani, mwisho yeye ndo anakupa pole wewe.

Kwa wake na dada zetu: nyinyi mnamuona kabla yetu sote. Akiwa kanyamaza, msimuulize mbele ya watoto, na msimlinganishe na mume wa jirani hata kwa mzaha. Na mkiona mnashindwa kumfikia, mtafuteni rafiki yake mmoja mnaemuamini, mmoja tu, msilipeleke kwenye grupu la ukoo.

HATUA YA NNE: pesa, na hapa ndo penye kazi

Mara nyingi mtihani wa mwanaume una pesa ndani yake, tusidanganyane. Kumsikiliza tu halafu ukaondoka na gari yako haitoshi kama watoto hawajala. Lakini namna ya kutoa ndo kila kitu.

Lipa kitu usitoe pesa. Umeme ukikatika nyumbani mwa mtu mtaa mzima unaona giza, na kumnunulia mtu umeme wa TUKUZA (ule wa kulipia kabla) unahitaji namba ya mita yake tu, unamtumia zile namba kwa meseji, hakuna alokuona. Ada ya tuisheni ya mtoto, daftari, sare, unakwenda mwenyewe skuli unalipa. Chakula kipite kwa wanawake, mkeo ampelekee mkewe, "tumeletewa mchele mwingi" imekwisha. Ramadhani ni rahisi zaidi mana kupelekeana futari ni ada yetu hata kwa matajiri, sahani ikitoka kwako kila siku kwenda kwake hakuna atakaeuliza. Ila usijenge mambo yako na mkewe kwa siri ya kuendelea, yeye akaja kugundua kwamba nyumba yake inalishwa na wewe miezi miwili na yeye hajui. Mwambie mapema kwa ufupi, "mie na wewe hatuhesabiani."

Kama wewe ni mtoa zaka, mwenye deni ni katika wale wanane wanaostahiki, Suratut Tawba aya ya 60, na muulize sheikh wako lakini wengi watakwambia si lazima umtangazie kwamba hii ni zaka. Kuna pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo inapokea na kugawa zaka, kama mzigo wake ni mkubwa kuliko mfuko wako nendeni mkaulize.

Michango ya WhatsApp. Naomba jamani. Usipige picha ya mtu, usiandike jina lake na shida yake kwenye grupu la watu mia mbili ukasema "ndugu yetu anahitaji msaada wetu wa hali na mali." Muulize kwanza yeye. Akikataa, wapigie watu wanne watano mmoja mmoja, "kuna jamaa yetu kakwama, usiniulize nani." Watu wetu wanatoa, wallahi wanatoa, na wengi hawana haja ya kujua jina.

Sasa deni. Hapa mtu anahitaji mwenzie wa kukaa nae na karatasi, kwasababu mwenye madeni mengi hajui hata anadaiwa ngapi, anaogopa kujumlisha, kila simu ikilia roho inaruka. Kaeni pahala muandike yote. La dukani kwa ajili ya unga na mafuta. La rafiki. La benki au saccos. La hizi apu za mikopo na kausha damu (mikopo ya riba kali), ambazo zinampigia simu mpaka mama mkwe wake. Yapangeni kwa lipi linakua haraka na lipi lina mtu anaweza kungoja, si kwa nani anapiga kelele zaidi. Halafu nenda nae kwa wanaomdai, hasa wale wa mtaani, mtu akija mwenyewe kabla hajatafutwa, na kasindikizwa na mtu wa heshima, akasema "sina leo, ntakupa kiasi hiki kila mwezi" mara nyingi anapewa nafasi, na ikibidi mkumbushe mwenye kudai Suratul Baqara aya ya 280, mdaiwa akiwa na dhiki basi angojwe mpaka apate wepesi. Aliedai anaijua hiyo aya, anataka tu aone kama mtu hamkimbii.

Wewe usiingie dhamana ya pesa ambayo huna uwezo wa kuilipa. Na ukiweza usimkopeshe. Mpe unachoweza kukisahau, au kama ni mkopo sema ni mkopo na sema lini, mana pesa ambazo hazikusemwa ni nini ndo zinazovunja urafiki.

Bora zaidi ya pesa ni kazi, hata ndogo. Mwanaume akipokea ujira anainua uso. Kama una ukuta wa kupaka chokaa, shamba la kupalilia, mzigo wa kupeleka bandarini, muite yeye na mlipe bei ya mtu mwengine, usimlipe nusu kwasababu ni rafiki na usimlipe mara mbili akajua umemuonea huruma. Alioachishwa kazi bila haki zake mpeleke Kamisheni ya Kazi, na kama alikuwa anakatwa ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) akaulize michango yake imefikia wapi, watu wengi wanaacha vitu vyao kwa kuona aibu kurudi kwenye ofisi. Alioanguka mkarafuu akichuma akavunjika, nendeni ZSTC (shirika la biashara la serikali linalonunua karafuu) mkaulizie fidia. Mikopo ya ZEEA (wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi) ipo, lakini mie binafsi simshauri mtu achukue mkopo wowote wakati kichwa kimevurugika, kwanza atulie alipe yale ya nyuma.

Ikiwa tatizo ni ndoa, haya mengine yanaongezeka. Mwanaume akiachana na mkewe anaondoka na begi anarudi kwa mama yake, analala chumba alicholala utotoni, na watoto anawaona kwa bahati. Msaidie awaone watoto kwa siku inayojulikana, tena mfatane, mana akienda peke yake huenda ukazuka ugomvi mlangoni. Usimtukane mke alioachana nae, kesho watarejeana na wewe utabaki na maneno yako. Mambo ya matunzo na malezi kama hayasikilizani yaende kwa Kadhi, si kwa wajomba. Na hawa wanaomwambia "oa mwengine utasahau" waambie wanyamaze.

Lakini sikiliza: kama anapiga mke au watoto, huko si kumsitiri tena, huko unakuwa mshirika. Mwambie usoni kwamba unampenda na hilo hulikubali, na alioumizwa apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali au dawati la jinsia polisi, hata kama yeye atakununia mwaka mzima.

HATUA YA TANO: pale ambapo siri haiwekwi

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinaonesha wanaume wanakufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili kuliko wanawake, 12.6 kwa kila watu laki moja kwa wanaume na 5.4 kwa wanawake. Sisi huku hatulisemi kabisa neno hili kwasababu ni haramu na ni aibu ya ukoo, na ndo mana mtu akifika hapo anabaki peke yake.

Sikiliza maneno haya: "bora nisingekuwepo", "watoto wangu watapumzika bila ya mie", "karibu mtanisahau." Tazama na vitendo. Kuombana radhi kabla ya Ramadhani ni ada yetu sote, lakini mtu anaekuja kukuomba radhi katikati ya mwaka, kagawa vitu vyake, anaaga watu ambao hasafiri kuwaacha, huyo usimuache alale peke yake usiku ule. Na alokuwa na tenshen miezi halafu ghafla katulia mno bila ya jambo lolote kubadilika, usikimbilie kusema alhamdulillah kapona, kaa nae.

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Ndio, kwa neno hilohilo. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unamtia wazo, siyo, wataalamu wa afya ya akili wanasema kuuliza wazi hakumtii mtu wazo hilo, na wengi wanashukuru kwamba mtu kaliona. Akisema ndio, usianze na hukumu ya motoni. Anaijua, ndo ilomfanya asiseme mpaka leo. Mwambie "umefanya vizuri kuniambia, leo sikuachi." Halafu usimuache kweli. Ondosha karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho, mwite mtu mmoja wa pili mnaemuamini nyote, na mpelekeni hospitali. Unguja ni Mnazi Mmoja au moja kwa moja Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Pemba anzeni hospitali iliyo karibu, Chake Chake, Wete, au Abdulla Mzee kule Mkoani. Akikwambia "naapa usimwambie mtu" wewe usiape. Hii siri haiwekwi, akikasirika akasirike akiwa hai.

Najua jina la Kidongo tunalifanyia mzaha tangu watoto, ukibishana na mtu unaambiwa upelekwe Kidongo. Muache mzaha. Ni hospitali, mtu anakaa foleni anaonana na daktari anapewa dawa au anazungumza anarudi kwake. Tena usingoje mpaka hatari, mtu akiwa kanyong'onyea karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili na zaidi, hapati usingizi au analala tu, hataki kula, kitu alichokuwa anakipenda hakimpi raha tena, hio inatosha kumuona daktari. Asomewe ruqya, asome nyiradi zake, na dawa ameze, hayagombani hayo, Mtume katuambia tutafute dawa na kwamba kila maradhi yana dawa yake. Ninachokikataa ni waganga wanaokwambia karogwa na jirani, lete laki tatu na kuku, mtu katoka na deni jengine na ugomvi na jirani juu yake.

Na kama kaingia kwenye unga (dawa za kulevya), hilo huliwezi kwa nasaha za barazani wala kwa kumfungia chumbani. Hapo Kidongo Chekundu kuna huduma ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga), na kuna sober house (nyumba za kuachia unga) Unguja na Pemba ambazo zinaendeshwa na watu waliopita njia hiyohiyo. Usimpe pesa taslimu mkononi hata akilia. Chakula mpe, nguo mpe, nauli ya kwenda klinik mfatane.

HATUA YA SITA: baada ya mwezi

Msibani watu wanajaa siku tatu, hitma ikisomwa kila mtu kwake, na mfiwa ndo kwanza anaanza kufiwa. Meli ya MV Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, na MV Skagit karibu na Chumbe Julai 2012, visiwa vizima vililia pamoja, lakini kuna wanaume walobaki na nyumba tupu na wengine hawakupata hata mwili wa kuzika, na wale walihitaji mtu miezi na miaka baadae. Tarehe kama hizo usizisahau, mfate mtu siku hio hata bila kuitaja, mwambie tu twende tukanywe kahawa.

Msibebe mtu mmoja peke yake. Wawe wawili watatu, mnapeana zamu bila yeye kujua kwamba ni zamu, wewe Jumatatu unapita, mwengine Ijumaa anaswali nae na kula nae. Ukichoka sema umechoka, mwengine ashike.

Na uanze kumuomba yeye vitu. Hili watu hawalifikirii. Muulize ushauri kwa kitu anachokijua, kama ni fundi muulize kuhusu mashine yako, kama alikuwa hoteli mwambie amfundishe mdogo wako Kiingereza cha kupokea wageni, vijana wa mtaa wanataka mtu wa kuwasimamia mazoezi ya mpira jioni. Mtu anaepokea tu kila siku anazidi kusinyaa.

Jambo la mwisho ni kwamba akishasimama huenda akakuepuka kidogo. Wewe ndo ulimuona siku zile, kila akikutazama anazikumbuka, basi anapita njia ya pili. Si kwamba hana shukrani. Usimsimange, usiseme mbele za watu "huyu bila mie," na akija na pesa kukurejeshea hata kama ulishasamehe zipokee, usimrudishie ukajifanya mkubwa. Mkikutana kwenye dhumna mpishe akae, gawaneni kete mcheze, akikufunga akufunge akucheke kama zamani.